Mradi Unaong'aa, Mvuke Usioonekana

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limeingia majumbani mwetu kimya kimya, nalo ni kazi ya epoksi. Bila shaka wengi wenu mmeziona bidhaa zake. Kuna sinia la mbao lenye uso unaong'aa kama maji yaliyotulia. Kuna hereni zenye ua dogo ndani yake, vishikio vya funguo vyenye majina ya watoto, na meza ya sebuleni iliyopitishiwa mto wa rangi ya bluu katikati ya mbao. Ni kazi nzuri, inauzika, na mama anaweza kuifanya nyumbani huku sufuria ya maharage ikiwa jikoni.

Hatuandiki ili kumkatisha tamaa mtu yeyote. Tunajua ada za shule zinatoka wapi, na tunajua furaha ya mama anayeshika fedha aliyoipata kwa mikono yake. Tunaandika kwa sababu kikundi chetu wenyewe kiliumia kwa kutojua, na mwenzetu mmoja mpaka leo hawezi kuigusa kazi aliyoipenda. Tungependa ninyi mjifunze kwetu bila kulipa gharama tuliyolipa.

ILIVYOANZA

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, hapa Mbeya, kilianza kama vikundi vingi vinavyoanza, yaani kwa kuweka na kukopa. Baadaye binti wa mwenzetu mmoja, aliyekuwa amejifunza kazi ya epoksi Dar es Salaam, alirudi nyumbani akatufundisha. Tulianza na masinia. Watu wa harusi wakayapenda, na kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tukipokea oda kutoka hata nje ya mji.

Chumba cha kazi kilikuwa stoo ya nyuma ya nyumba ya mwenzetu, chenye dirisha moja dogo. Siku za joto tulifanya kazi mlango ukiwa wazi, na hatukuona shida yoyote. Kisha ikaja baridi ya Juni na Julai. Anayeijua Mbeya anaijua baridi hiyo. Epoksi ikawa nzito kama asali iliyoganda, mapovu hayakutoka, na sinia lililomwagwa jioni lilikutwa asubuhi bado linanata. Tukafanya kile ambacho kila mama angefanya. Tulifunga dirisha, tukaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitenge kikuukuu, na tukaingiza jiko la mkaa ndani ili chumba kipate joto.

Vichwa vilianza kuuma. Macho yakawasha. Mmoja wetu mwenye pumu akawa anakohoa kila jioni. Tukasema ni vumbi la mbao, ni uchovu, ni baridi. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na oda zilikuwa zinasubiri.

"SISTA, NAFIKIRI NI SABUNI"

Jioni moja baada ya ibada ya katikati ya wiki, mama mmoja wa kikundi alitufuata nje akiwa amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Macho yamefanya nini?"

"Sijui, sista. Nafikiri ni sabuni. Nilibadilisha sabuni wiki iliyopita."

Kope zake zilikuwa zimevimba na ngozi imekuwa nyekundu, kavu, yenye magamba madogo. Katikati ya vidole palikuwa na vipele vya kuwasha. Sisi, na miaka yote hiyo ya uuguzi, tulitazama, tukasema ni fangasi au ni hiyo sabuni, tukampa dawa ya kupaka. Hatukumuuliza hata swali moja juu ya kazi yake, ingawa tulikuwa tukikaa naye meza moja kila Jumanne na Ijumaa.

Dawa haikusaidia. Baada ya wiki mbili vidole vilikuwa vimepasuka. Kisha akapata msiba kijijini kwao, akakaa huko siku kumi. Aliporudi alikuja kutuonyesha mikono yake kwa furaha, maana ilikuwa safi kabisa. Siku ya tatu akaja tena, safari hii analia.

"Sista, kule msibani nilipona. Nimeingia stoo juzi tu, na leo imerudi, na usiku kifua kinabana."

Hapo ndipo tulipoelewa. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na humo aliwataka madaktari wenzake wawe wanamuuliza kila mgonjwa anafanya kazi gani. Zaidi ya miaka mia tatu imepita, na sisi tulisahau kumuuliza dada yetu swali hilo. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, naye akatusamehe. Lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kuikataa epoksi.

EPOKSI NI NINI HASA?

Epoksi huja katika chupa mbili. Chupa ya kwanza ina resini, na ya pili ina kigumishi, ambacho mafundi wetu hukiita hadina. Kila moja peke yake ni majimaji. Zikichanganywa kwa kipimo sahihi zinashikana na kugeuka kitu kimoja kigumu kisichoyeyuka tena. Si kitu kigeni kabisa kwetu. Ile gundi ya mirija miwili iitwayo Araldite, ambayo baba zetu waliitumia kuunganisha vitu vilivyovunjika, ni epoksi. Tofauti ni kwamba zamani tulitumia tone moja kwa mwezi, na sasa tunamwaga lita nzima kwa siku moja ndani ya chumba tunamolala au tunamopikia.

Resini yenyewe haitoi mvuke mwingi ikiwa katika joto la kawaida la chumba, lakini ni adui wa ngozi. Hadina ndiyo kali zaidi. Nyingi zinatengenezwa kwa kemikali ziitwazo amini, ambazo ni jamaa wa amonia. Mvuke wake huwasha macho, pua, koo na mapafu, na zile kali zikigusa ngozi huunguza.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalijui. Resini na hadina zinaposhikana hutoa joto zenyewe, bila moto wowote. Mchanganyiko ukimwagwa mwembamba juu ya mbao, joto hutawanyika. Ukiachwa mwingi ndani ya kikombe, joto hukusanyika na kuongezeka, hata kupita nyuzi 100. Kikombe cha plastiki huyeyuka, mchanganyiko hutokota na kutoa moshi mkali. Kadiri epoksi inavyopata joto, ndivyo inavyotoa mvuke mwingi zaidi. Basi sisi, kwa kuingiza jiko katika chumba kilichofungwa, tulikuwa tumeuongeza mvuke na kuufungia njia ya kutokea.

Na jiko lenyewe lina hatari yake. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, nayo huua. Kila mwaka wa baridi sisi wauguzi tunawaonya watu juu ya kulala na jiko, kisha tukakaa nalo wenyewe mchana kutwa!

HARUFU SI KIPIMO

Akina mama wengi hutuambia, "Mbona yangu haina harufu? Kwenye chupa wameandika haina harufu." Tafadhali msidanganywe na jambo hili. Pua hupima harufu tu, haipimi madhara. Tena pua huchoka. Ukikaa nusu saa ndani ya chumba huisikii tena harufu iliyokuwamo, lakini mtoto anayeingia kutoka nje anaziba pua. Ukisikia harufu, mvuke upo. Usipoisikia, bado huna hakika kwamba haupo.

Mwili wa mtu hupokea epoksi kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni mwasho wa kawaida: macho yanachoma, koo linakauka, unakohoa, na ukitoka nje unapata nafuu. Namna ya pili ni mzio, na hii ndiyo iliyompata mwenzetu. Mzio haujitokezi siku ya kwanza. Mtu anaweza kuigusa epoksi kwa wiki, miezi, hata miaka bila kuona lolote, huku kinga ya mwili wake ikijifunza kidogo kidogo kuichukia. Siku moja kipimo kinajaa. Kuanzia hapo hata kiasi kidogo sana kinatosha kumwasha vipele, na mara nyingi hali hiyo inabaki maisha yote. Wengine, hasa kwa mvuke wa hadina, hupata pumu ambayo hawakuwa nayo.

Kinachotuchanganya ni kwamba vipele vya mzio hutokea siku moja mpaka tatu baada ya kuguswa. Kwa hiyo mama anafanya kazi Jumanne, anawashwa Alhamisi, na anaulaumu samaki aliokula Jumatano. Dalili zilizotufundisha sisi ni hizi: vipele vya vidole, viganja na mikono, kope na uso kuvimba hata kama hukujipaka epoksi usoni, kwa kuwa mvuke na vumbi hutua pale palipo na ngozi laini, kifua kubana au kukohoa usiku wa siku ya kazi, na zaidi ya yote, kupona ukisafiri na kuugua ukirudi. Ukiziona dalili hizi acha kazi, nenda kituo cha afya, na useme wewe mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, kwamba unafanya kazi ya epoksi.

HEWA KWANZA

Sasa tutazame njia za kujilinda. Tunaanza na hewa, kwa sababu hakuna kifaa kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Kama unayo nafasi, toa kazi nje ya nyumba. Banda lenye paa la bati na kuta nusu ni bora kuliko chumba kizuri chenye marumaru. Usifanye kazi hii jikoni, wala chumbani mnamolala, wala sebuleni ambako watoto wanasoma jioni. Kumbuka kwamba sinia lililomwagwa linaendelea kutoa mvuke wakati linakauka, hata wewe ukiwa umekwenda kulala. Kwa hiyo mahali pa kukaushia ni pa kulindwa kama pa kumwagia.

Kama huna budi kufanya kazi ndani, chumba kiwe na matundu mawili yanayotazamana, moja la kuingiza hewa na jingine la kutolea. Wewe kaa hewa safi ikitokea mgongoni au ubavuni kwako, ipite juu ya kazi, itoke nje bila kupita usoni kwako. Feni iwekwe kwenye dirisha la kutokea, ikipuliza kuelekea nje. Feni ya darini huzungusha mvuke ule ule tu, na kiyoyozi cha kawaida hupoza hewa ya chumbani na kuirudisha. Angalia pia upande wa pili wa dirisha hilo pana nani. Si vyema kuuhamishia mvuke wako kwenye kitanda cha mtoto wa jirani.

Na baridi je? Weka chupa ya resini iliyofungwa vizuri ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha ikaushe kabla ya kufungua, maana maji yakiingia huharibu mchanganyiko. Fanya kazi saa za mchana jua likiwa juu. Oda za Julai zipangwe kwa siku nyingi zaidi, na mteja aambiwe ukweli kwamba baridi huchelewesha. Usiongeze hadina ukidhani itakauka haraka. Epoksi nyingine hutaka vipimo sawa kwa sawa, nyingine mbili kwa moja, kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Ukizidisha upande mmoja, kile kilichozidi hakipati wa kushikana naye. Kinabaki majimaji ndani ya kazi, sinia linanata, na mteja anakwenda nalo nyumbani.

Changanya kidogo kidogo. Ukimaliza kuchanganya mwaga upesi, usiache kikombe kimejaa. Kikianza kupata moto mkononi, usikiinamie kukitazama. Kipeleke nje kwa uangalifu, kiweke juu ya mchanga au udongo mtupu, na uondoke karibu yake mpaka kipoe.

BARAKOA IPI?

Tangu mwaka 2020 karibu kila nyumba ina barakoa za kitambaa au zile za bluu za hospitali. Hizo zilikuwa na kazi yake, lakini hazizuii mvuke wa kemikali hata kidogo. Mvuke hupita ndani ya kitambaa kama harufu ya kitunguu inavyopita. Hata ile barakoa ngumu ya N95 huzuia vumbi tu.

Barakoa ya mvuke ni ile ya mpira inayobana pua na mdomo, yenye vichungi viwili pembeni ambavyo ndani yake mna mkaa maalumu. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Kwa vichungi vya mfumo wa Ulaya, rangi ya kahawia ni ya mvuke wa kemikali za kikaboni, kijani ni ya amonia na jamaa zake, na nyeupe ni ya vumbi. Soma maelezo ya hadina yako kisha ununue kinachofaa. Vipo vichungi vilivyounganisha rangi hizo. Ukimaliza kazi vifungie ndani ya mfuko usiopitisha hewa, la sivyo vitaendelea kunyonya hewa ya stoo mpaka vijae. Siku utakayosikia harufu ndani ya barakoa, vimekwisha. Nunua vingine. Na kama mzee nyumbani ndiye fundi, mwambie kwa upole kwamba ndevu huacha upenyo, na mvuke huupata upenyo huo.

Tunarudia: barakoa ni msaidizi wa hewa, si mbadala wake. Ukivaa wewe ndani ya chumba kilichofungwa, mtoto anayekuja kukuita chakula hakuvaa.

MIKONO, MACHO NA NGUO

Vaa glavu za nitraili. Zile nyeupe za mpira wa kawaida tunazotumia zahanati si kinga nzuri kwa epoksi. Hata za nitraili, zile nyembamba hazizuii kwa muda mrefu, basi zikipakaa tu zibadilishe. Ukiwa na glavu iliyopakaa usishike simu, wala kitasa, wala pua. Tuligundua kwamba kitasa cha stoo yetu kilikuwa kinanata, na watoto wote wa nyumba ile walikuwa wakikishika.

Epoksi ikikugusa ngozi, ifute kwanza kwa karatasi au kitambaa kikavu, kisha nawa kwa sabuni na maji mengi. Usinawe kwa tina, petroli, spiriti wala asetoni. Tunajua inatoa haraka, na mafundi wengi hufanya hivyo, lakini vimiminika hivyo huondoa mafuta ya ngozi na kuisaidia epoksi kupenya ndani. Zaidi ya hayo, asetoni na tina hushika moto upesi mno. Zikae mbali na jiko, kibiriti, na ile bomba ya gesi ya kupasulia mapovu.

Miwani ya kinga ni lazima wakati wa kuchanganya. Kuwe na nguo moja ya kazi na kitambaa cha kichwa, zibaki bandani na zifuliwe peke yake. Usimnyonyeshe mtoto kabla ya kuvua nguo hiyo na kunawa mpaka kwenye viwiko. Mama mjamzito, mwenye pumu au mwenye pumu ya ngozi, ushauri wetu ni kwamba asishike hatua ya kuchanganya na kumwaga. Zipo kazi nyingine nyingi katika mradi.

Kupiga msasa ni hatua yenye hila. Sinia linaweza kuwa kavu kwa kugusa lakini ndani halijaiva. Epoksi nyingi huchukua hata siku 7 kuiva kabisa. Ukipiga msasa mapema, vumbi lake linabeba kemikali ambazo hazijashikana, nawe unazivuta na kuzipaka usoni. Ngoja siku zilizoandikwa, tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi, na usifagie kwa ufagio mkavu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

WATOTO NA CHUPA YA SODA

Hapa tunaomba msikilize sana. Katika kazi yetu tumewapokea watoto waliokunywa mafuta ya taa kwa sababu yaliwekwa ndani ya chupa ya soda. Resini ni nyeupe na safi kama maji ya kunywa. Usiigawe kamwe katika chupa ya maji au ya soda, hata kwa kumpa jirani "kidogo tu". Ikae katika chupa yake yenye maandishi, juu, ndani ya kabati lenye kufuli.

Ajali ikitokea, fanyeni hivi:

Ikiingia machoni, fungua kope na umwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, bila kuacha, kisha nenda hospitali moja kwa moja. Usipake dawa yoyote, wala maziwa ya mama.

Mtoto akimeza, usimtapishe. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta. Msuuze mdomo, umwahishe hospitali, na uchukue chupa yenyewe ili mganga aisome.

Mtu akizidiwa na mvuke, mtoe nje kwenye hewa safi, mlegeze nguo, mkalishe. Mwenye pumu atumie dawa yake. Kama anapumua kwa shida au kwa sauti ya filimbi, msingoje kesho.

Mabaki ya epoksi yasimwagwe kwenye sinki, shimo wala mfereji. Changanya kilichobaki kwa kipimo, kimwage chembamba kwenye bati kuukuu nje, kikiwa kigumu kitupe pamoja na takataka nyingine. Usikichome moto. Moshi wake ni mbaya kuliko mvuke wenyewe.

SOMA CHUPA, ULIZA DUKANI

Chupa nyingi zina alama za pembe nne zilizosimama kwa ncha, zenye mpaka mwekundu. Alama ya mshangao maana yake inaweza kuwasha au kuleta mzio. Mkono unaoliwa na tone la maji makali maana yake inaunguza. Samaki aliyekufa na mti mkavu maana yake ni sumu kwa maji na viumbe vyake. Kila muuzaji wa kweli anapaswa kuwa na karatasi ya taarifa za usalama ya bidhaa hiyo, yenye sehemu 16. Sehemu ya 4 inaeleza huduma ya kwanza, na ya 8 inaeleza vifaa vya kujikinga. Mwombe. Kama hana, au chupa haina maandishi kabisa, bei yake rahisi si rahisi.

Hapa Tanzania tunazo sheria mbili za mwaka 2003, moja ya usalama na afya mahali pa kazi na nyingine ya kemikali za viwandani na majumbani. Ya kwanza inasimamiwa na OSHA, na ya pili na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kikundi kinachotaka kukua kisione haya kwenda kuuliza katika ofisi hizo, au SIDO, ambao wamekuwa wakihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973.

TULIPOFIKIA

Baada ya yale yaliyompata mwenzetu, kikundi kilikaa kikao kirefu. Wengine walisema mradi ufungwe. Wengine walisema yeye ana ngozi dhaifu tu, sisi tuendelee. Ni yeye mwenyewe aliyesimama akasema, "Msiufunge. Lakini msiingie tena mule ndani." Tukatumia fedha za mauzo ya miezi miwili kujenga banda nyuma ya kiwanja, tukanunua barakoa mbili za vichungi za wale wanaochanganya, na tukaweka sharti kwamba hakuna mtoto anayepita kamba. Julai hatupokei oda za haraka. Tumepoteza wateja kadhaa kwa sababu hiyo, na tumekubali.

Dada yetu hakurudi kwenye meza ya kumwagia. Tulipomjaribu akae tu pembeni ya banda, kope zilivimba tena. Sasa yeye ndiye anayekausha maua nyumbani kwake, anapokea wateja kwa simu, na anatunza daftari la fedha. Mgawo wake ni sawa na wa wengine. Lakini siku sinia zuri likikamilika na kung'aa juani, humwona akisimama mbali, nje ya kamba, akilitazama. Hilo linatuuma sisi tuliokuwa na elimu ya kumkinga na hatukuitumia.

Basi mama mpendwa, kabla hujafungua chupa yako inayofuata, simama mlangoni mwa chumba chako cha kazi na ujiulize maswali matatu. Hewa inaingilia wapi na kutokea wapi? Nani mwingine anaivuta hewa hii nami? Na mikono yangu, macho yangu na kifua changu vinaniambia nini tangu nilipoanza? Ukipata majibu mazuri, fanya kazi yako kwa furaha, na Mungu akubariki. Usipoyapata, fungua dirisha leo, na kesho uanze kutafuta mahali pa kujenga banda.